Pua ya Jirani

Asubuhi ile Dobi alipoangukia meza yake ya pasi, mkewe alikuwa nje anagombana na Fundi Viatu kuhusu moshi ambao haukuwepo.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka jana ugomvi huo uliibuka kila baada ya wiki mbili tatu, na wapangaji wengine wa vyumba vile vya biashara walikuwa wameshauzoea. Dobi angeinua pasi, angegeuza kichwa kuelekea mlangoni na kusema kwa sauti yake ya chini kwamba kuna kitu kinaungua, raba hivi, au kitambaa cha nailoni. Mkewe hangoji aambiwe mara ya pili. Angebwaga kitabu cha risiti juu ya kaunta na kutoka nje mzimamzima. Wateja walimwita Mama Risiti kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka mle dukani na hata leso bila karatasi yake, na mtu wa namna hiyo akishasema umechoma raba, umechoma.

Fundi Viatu alikuwa mzee mkavu asiye na mke wala haraka. Kosa lake lilikuwa kumiliki jiko dogo la kupashia gundi. Mama Risiti alimfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na pale mbele ya watu sita akasema kwamba moshi huo hausikii mumewe peke yake, hata yeye anausikia, na kwa pua hizihizi. Mwenyekiti, aliyekuwa anasubiriwa na chakula chake, akaandika karatasi ya kumkataza fundi kuchoma au kupasha kitu chochote mbele ya vyumba. Fundi akatia sahihi bila neno. Karatasi akaibandika ukutani juu ya benchi lake, jiko akalihamishia uani, kusiko na hata kipande cha bati cha kumkinga na mvua.

Ndiyo maana asubuhi ile hata yeye uvumilivu ulimwisha. Akamwuliza hilo jiko analoliona liko wapi. Mama Risiti akamwambia asijitie ujanja, moshi hauulizwi uliko, unanuswa. Walikuwa wamefika hapo, na watu wameanza kutabasamu, fundi alipoinua pua hewani.

"Sasa hapo sawa," akasema. "Sasa kuna kitu kinaungua. Lakini kinaungua kwenu."

"Usinigeuzie kibao, mzee."

"Mama, nguo inaungua. Ingia ndani."

"Siingii mpaka unijibu."

Fundi alimpita pembeni, kiatu cha mtu kikiwa bado mkononi, akaingia dukani kama nyumba yake. Dobi alikuwa chini kati ya meza na kapu la nguo, mwili umekakamaa na unatetemeka wote, macho yamegeukia juu, povu mdomoni. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya joho jeusi la Mwalimu Mkuu, na moshi ulikuwa umeshafika darini. Fundi alichomoa waya, akalitupa joho kwenye beseni la maji. Mama Risiti akapiga magoti. Mlangoni wateja wawili walikuwa wanashauriana: mmoja alitaka mgonjwa atiwe kijiko mdomoni, mwingine akasema msimguse, inaambukiza.

Alipotulia na kufumbua macho, Dobi hakujua siku wala saa. Alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi. Kisha akataka kusimama. Akashika alichokiona karibu, na alichokiona karibu kilikuwa pasi. Akaweka kiganja chake cha kulia juu ya chuma kile ambacho hakijapoa, akaegemea kwa uzito wake wote, na hakuutoa mkono. Mkewe ndiye aliyeupiga ukatoka. Ngozi ilikuwa imeshababuka.

"Hukusikia moto?"

Dobi akaugeuza mkono mbele ya uso wake, kwa mshangao na bila maumivu.

"Si wangu huu," akasema.

*

Mchana kutwa mkono ule haukuwa wake. Alikunywa chai akauliza kwa nini wamempa maji ya moto. Mkewe alichoma kipande cha ndimu akamwekea puani, hakuna. Jioni ndipo vidole vilipoanza kuwasha, kisha kuuma, na saa moja baadaye kiganja kikamwaka moto wake wa asubuhi, akalia kama mtoto. Mama Risiti alimpaka dawa ya kuungua huku akimgombeza, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na hofu yake.

Kwa mwanamume yeyote hilo lingekuwa balaa, lakini kwa dobi yule lilikuwa balaa mara mbili. Kile kidude cha kupunguza moto kwenye pasi yake kilikufa zamani, naye hakukitengeneza kwa sababu hakukihitaji. Moto aliupima kwa ncha ya kidole kilicholowa mate, na kitambaa alikisikiliza kwa pua: pamba inatoa harufu fulani kabla haijabadilika rangi, sufu harufu nyingine, hariri hutoa onyo dogo sana na halirudii. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Watu walileta suti za harusi kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya hiyo rekodi, na sasa rekodi ilikuwa inaelea kwenye beseni na tundu lenye umbo kamili la pasi.

Kesho yake wateja walianza kuja, na hawakuleta nguo. Mama mmoja alidai mashuka yake hata kama hayajakauka. Kijana wa ofisini akauliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyouma, kama mashati yake yalikuwa karibu na lile povu, na kama yanaweza kufuliwa tena, mara mbili hivi, kwa maji ya moto. Mama Risiti alimwandikia risiti ya kuchukulia nguo chafu na kumwambia akafue mwenyewe mara kumi. Mwalimu Mkuu peke yake ndiye aliyefanya uungwana. Alilitazama joho lake, akashusha pumzi, akasema yale thelathini na tisa yaliyobaki ni ya wahitimu, sherehe ni Jumamosi saa nane mchana, na anaomba tu yasiwe na dirisha.

Halafu akaja wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa Dobi, mjane mwenye nyumba yake, gari lake na banda lake la kuku mia mbili. Aliingia akinukia duka zima la manukato, akakaa, akalia kidogo, akafuta macho, na kutangaza aliyokuja nayo. Mdogo wake ameshafanya kazi ya kutosha. Atakwenda kukaa kwake, chumba kipo, atakuwa anaangalia kuku. Kuku hawana pasi.

"Na mimi?" Mama Risiti akauliza.

"Wewe una duka lako, wifi. Na una ugomvi wako na majirani. Mtu anaishi na kelele mwaka mzima, kichwa kitaacha kupasuka?"

Mama Risiti alikuwa na jibu, tena refu, lakini alimwona mumewe. Dobi alikuwa amekaa kwenye kapu la nguo lililopinduliwa, mkono umefungwa bandeji, anatazama sakafu na hasemi hapana. Mume aliyekuwa akibishana na tajiri mwenye suti juu ya mkunjo mmoja wa suruali sasa anagawiwa kuku, na amenyamaza. Mama Risiti akasema basi, waende kwanza hospitali. Wifi akakubali, kwa sharti kwamba naye atakuwepo.

*

Walikaa kwenye foleni tangu saa mbili hadi saa sita. Mtu wa mapokezi alitoka na faili mkononi akauliza kwa sauti ya kutangaza mnada ni nani pale mwenye kifafa, na benchi zima likasogea. Dobi aliinua mkono wa bandeji kama mwanafunzi. Mama Risiti alimwambia yule mtu kwamba kama ana kipaza sauti akitumie kabisa, maana walioko barabarani hawajasikia.

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yao, mwenye macho ya usingizi na masikio yaliyo macho. Aliuliza taratibu. Ameanguka mara ngapi? Mara hii moja, inavyojulikana. Kuna nyakati anakodoa macho tu, anatafuna kitu kisichokuwepo, haitikii akiitwa? Mke na dada wakatazamana. Wote wawili walidhani ni kiburi. Kabla ya kuanguka huwa anahisi nini?

"Hakuna," akasema Dobi, haraka mno.

"Hakuna kitu kabisa? Sauti, mwanga, harufu?"

Mama Risiti akamjibia, kama alivyozoea kumjibia kila mahali. Akaeleza kuhusu harufu ya kuungua, na raba, na jirani mwenye jiko.

"Na wewe mama, hiyo harufu huwa unaisikia?"

"Naisikia," akasema. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka kwa mwenyekiti.

Daktari akaandika, akasema kama ni moshi wa kweli basi wauache, waendelee na mengine. Hapo Mama Risiti akamtazama mumewe akaona uso wake umefunguka. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeambiwa kuwa mzigo aliofikiri ni wake ni wa watu wote. Akaelewa palepale. Mume wake alikuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa anashuku kwamba harufu ile haitoki nje, inatoka kichwani mwake, na kitu pekee kilichokuwa kinamwambia kwamba hajawa mwehu kilikuwa yeye, mkewe, anayetoka kila mara kwenda kumgombeza jirani kwa ajili yake.

Kalamu ya daktari ilikuwa imeshahamia mstari mwingine.

"Daktari, futa hapo," akasema Mama Risiti.

"Wapi?"

"Hapo kwenye harufu. Mimi sisikii. Sisikii harufu ya kitu chochote. Tangu ile dawa ya madoa iliponimwagikia stoo, pua yangu haijarudi. Mwaka wa sita huu. Akisema kuna kitu kinaungua namwamini, kwa sababu sina cha kupimia."

Dobi alikuwa amemgeukia mkewe polepole.

"Miaka sita," akasema. "Na zile mboga unazounguza?"

"Ndiyo hivyo."

"Nilidhani umekasirika. Nikawa nakula tu."

Daktari aliinamia faili kwa muda, na mabega yake yalicheka kidogo. Kisha akavuta kiti karibu na kuwaeleza. Kwenye ubongo kuna sehemu inayopokea harufu, nyingine ya kuona, nyingine ya kusikia, nyingine ya mguso wa mkono. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo. Umeme huo ukivurugika kwenye sehemu ya harufu, mtu atanusa moto hata kama pua iko safi na hakuna moto. Si uongo wala si wazimu, ananusa kweli. Ukiishia hapo, anaduwaa dakika moja na kurudi. Ukisambaa, anaanguka. Ukishapita, sehemu zile huwa zimechoka, na zinazima kwa saa kadhaa. Ndiyo maana chai ikawa maji na mkono ukawa wa mtu mwingine. Wengine huzimika macho, wasione kwa muda. Kwa kawaida vinarudi, kama vilivyorudi vyake.

Akamwandikia vipimo vya kichwa, akampa vidonge vya kumeza kila siku bila kuruka, na kuwaonya kwamba vitachukua muda kukaa sawa. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, wahesabu dakika. Zikizidi tano waje mbio. Hakuna anayeambukizwa. Na pasi asishike akiwa peke yake.

"Hiyo harufu ndiyo kengele yenu," akasema. "Akiisikia na hakuna kinachoungua, mna kama nusu dakika ya kumweka chini salama. Ni bahati, wengi hawaipati."

"Na kinachoungua kikiwa cha kweli?" akauliza Mama Risiti. "Sisi ni madobi, daktari."

"Basi mnahitaji mtu mwenye pua."

Wifi akasema hicho ndicho anachosema siku zote. Jumamosi asubuhi atakuja na gari kumchukua mdogo wake.

*

Fundi Viatu alikuwa anashona soli alipoona kivuli mbele yake. Hakuinua kichwa. Akasema kama ni moshi, jiko liko uani, limejaa maji ya mvua ya jana, anaweza kwenda kulipima.

Mama Risiti alikuwa amepanga maneno mengi njiani na yote yakampotea. Akabaki amesimama, na ilibidi aseme yale mafupi: hakukuwa na moshi. Hakuwahi kuusikia. Hana pua. Mumewe ni mgonjwa, na harufu ni ya ugonjwa, na kwa mwenyekiti alisema uongo. Watu wa chumba cha pili waliacha kupiga cherehani ili wasikie vizuri.

Fundi alishona hadi mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Mwaka mzima napasha gundi kwenye mvua," akasema. "Nikapata homa ya mapafu. Ulikuja kuniona, ukaniletea uji. Na uji wenyewe ulikuwa umeungua."

"Nisamehe, jirani."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe si ndiye Mama Risiti? Mimi nilitia sahihi. Na wewe andika."

Akarudi dukani akachukua kitabu, akaandika akiwa amesimama, shingo inamwaka kwa aibu: Imethibitishwa hakukuwa na moshi. Tarehe, sahihi, muhuri wa duka. Fundi akaisoma mara mbili, akaibandika ukutani kando ya ile ya mwenyekiti, akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka. Ndipo Mama Risiti akapata nguvu ya kumwomba lile lililobaki. Alimweleza kuhusu kengele, na nusu dakika, na kuku wa wifi. Akamwambia hamwombi kazi, anamwomba pua tu, pale pale alipokaa, akiitwa.

Fundi akasema atafikiri. Pua yake ina shughuli nyingi.

*

Jumamosi saa tatu wifi alikuwa ameshafika. Begi la Dobi lilikuwa mlangoni, zipu imefungwa. Majoho thelathini na nane yalining'inia kwenye kamba yamenyooka, na Dobi alikuwa kwenye la thelathini na tisa, kwa mkono wa bandeji, mkewe amesimama ubavuni kwake kama askari. Walikuwa wameelewana kwamba amalize kazi ya watu kwanza. Kuhusu baada ya hapo hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Alikuwa amefika kwenye pindo la mkono alipoinua pasi. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Mama," akasema. "Kuna kitu kinaungua."

"Ni kweli, hata mimi nasikia," wifi akasema, akasimama. "Zimeni umeme. Kinaungua."

Mama Risiti alimtazama wifi yake, mkoba umekumbatiwa kifuani, macho yamemtoka, na aliijua sauti ile kama anavyojua ya kwake. Mtu unayempenda akikwambia kuna moto, unaunusa. Akafika mlangoni kwa hatua mbili.

"Jirani, kuna kitu kinaungua?"

Fundi Viatu alikuwa ameshasimama. Akaingiza kichwa ndani, akafumba macho, akavuta hewa kwa mpigo mmoja mrefu. Mama Risiti alitamani kumtikisa.

"Hakuna," akasema. "Sabuni, na manukato ya huyu dada."

Pasi ikatoka mkononi mwa Dobi, waya ukachomolewa, kapu likasukumwa kando. Walimlaza ubavu juu ya rundo la mashuka, na alikuwa bado anaongea, anawaomba wasimguse bandeji, pale maneno yalipokatika. Mama Risiti akahesabu kwa sauti. Wifi alilia, lakini alishika miguu. Ilipofika dakika ya pili mwili ukaanza kulegea, akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo, na hakuna kitu mle ndani kilichokuwa kimeungua.

Pindo la joho la mwisho lilikuwa bado. Mama Risiti alichomeka waya, akashika pasi yeye mwenyewe, ambayo hakuwa ameishika kwa miaka sita, na fundi akavuta kigoda hadi kwenye meza.

"Inua," akasema.

"Bado halijanyooka."

"Inua, mama. Sitaki kuandikiwa risiti nyingine."

Akainua. Mwalimu Mkuu alipokuja saa sita alihesabu majoho thelathini na tisa, akayapitishia mikono moja baada ya jingine, akashukuru na kuondoka. Wifi alikuwa amekaa karibu na ndugu yake anamnywesha chai. Begi lilikuwa bado mlangoni, na hakuna aliyeligusa.

"Chai hii haina kitu," Dobi akalalamika.

"Mimi nainywa hivyohivyo mwaka wa sita," mkewe akamwambia. "Kunywa."

Saa kumi mkono ulianza kumwasha. Wifi alikuwa ameshachungulia saa mara tatu, kuku wake wanamsubiri. Alisimama, akainama kulishika begi, na hapo Dobi akanyoosha shingo.

"Kuna kitu kinaungua," akasema.

Wote wakaganda. Wifi akaliachia begi. Mama Risiti alihisi machozi ya hasira yanampanda, mara mbili kwa siku moja, na vidonge vyote vile. Akamsogelea mumewe amlaze, huku akiita bila kugeuka, kwa sauti iliyochoka kabisa:

"Jirani."

Kigoda kililia nje. Fundi Viatu hakuhitaji hata kuingia.

"Hiyo ni ya kweli," akajibu kutoka mlangoni. "Ni sufuria lako, mama. Uani."

Walitazamana, mke na mume. Kisha Dobi akavuta hewa tena, kwa makusudi, pua imefunguka yote, na uso ukamng'aa.

"Maharage," akasema. "Yameungua vibaya."

Mama Risiti akakimbilia uani akimlaani kila mtu, sufuria, jiko, wifi, daktari, na huku anakimbia alikuwa analia na kucheka. Aliporudi na sufuria jeusi mkononi, wifi alikuwa ameinua begi na kulirudisha ndani, juu ya rafu, na anauliza kama kuna sahani.